Jina Bado Linatumika

Dvora alikuwa hajavua hata koti alipokabidhiwa ile kadi. Alisimama mlangoni mwa sebule, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyake, mtoto wa siku tatu kifuani, na baba yake mzazi, Zelig Rotkopf, akimnyooshea bahasha kutoka kwenye kitanda cha hospitali kilichobanwa kati ya kabati la vitabu na dirisha la barabarani.

"Soma," Zelig alisema. "Soma upesi, kabla mama yako hajatoka jikoni."

"Baba, ngoja kwanza nikae. Hata mjukuu hujamtazama."

"Nimemtazama. Mzuri. Hana meno wala nywele, kama mimi. Haya, soma."

Sebule hiyo ilikuwa ndiyo chumba cha Zelig tangu sikukuu ya Hanuka, madaktari walipomwambia kwamba ini limekwisha, wakamrudisha Brooklyn kwa binti yake ili afe mahali penye supu nzuri. Hayo ya supu yalikuwa maneno yake, si ya madaktari. Miaka mingi Zelig alijipatia riziki kwa kutunga maneno ya kadi za kuchekesha katika kiwanda kidogo cha uchapaji, na mtaani hapakuwa na nyumba ya Kiyahudi ambayo haikuwahi kupokea mojawapo. Iliyouzwa kuliko zote ilikuwa ya wazazi wapya, maana kila mzazi wa Kiyahudi alimwotea mwanawe udaktari: "Hongera kwa kupata daktari! Kama madaktari wengine wote, atawaamsha usiku, hatasikiliza la mtu, na mtamlipa maisha." Watu walipeana kadi hiyo mpaka ikachosha. Mtu mmoja tu hakuwahi kuicheka, wala kuicheka kadi yake nyingine yoyote, naye ni mke wake, Bluma.

Hii ya leo haikutoka kiwandani. Aliichora mwenyewe kitandani kwa kalamu za rangi, na mistari ilikuwa imetetemeka. Palikuwa na duka la samaki, lile lile la mtaani kwao. Mzee mmoja alisimama kaunta akionja samaki wa chumvi, huyu na yule, bila haraka. Nyuma yake alisimama mtoto mchanga mwenye nepi, kashika kikaratasi cha namba ya foleni, uso umemkunjamana kwa kuchoka. Juu pameandikwa: "Hongera kwa kupata mtoto wa kiume!" Dvora akaifungua. Ndani palikuwa na maneno haya:

"Jina mnalolitaka bado linatumika. Tafadhali subirini kwenye foleni. Mwenye nalo anajitahidi. Babu."

Dvora alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na kabla hakijaisha kikawa kitu kingine, ikabidi mume wake, Hillel, aliyekuwa nyuma yake na mikoba, aitupe mikoba chini na kumpokea mtoto.

"Kuna nini huko?" Bluma alitoka jikoni akijifuta mikono. Aliichukua kadi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma. Uso wake ulibadilika. Akatema mate mara tatu hewani, ptu, ptu, ptu, kufukuza jicho baya. "Mwehu wewe! Mtoto hajatahiriwa, na wewe unamletea Malaika wa Mauti ndani ya bahasha!"

"Tena bila stempu," Zelig alisema.

"Hillel, sikia mkwe wako!"

"Mama, alikuwa anatania tu," Hillel alisema.

"Kutania! Hivi huyu amewahi kufanya jambo jingine?"

Kadi ikageuzwa uso ukutani, juu ya kabati, na mbele yake Bluma akaweka kinara cha Sabato ili isionekane kabisa. Lakini maneno yalikwisha kusomwa. Kwa watu wao, waliotoka Poland na kwingineko kule, mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Kumpa ni kumwambia mwenye jina: toka, nafasi yako imepata mtu. Jina husubiri mpaka mwenye nalo ameondoka, ndipo mjukuu analiokota na kuendelea nalo. Dvora alijua hayo tangu utotoni, na tangu Hanuka alikuwa akilala nayo na kuamka nayo, maana alikuwa mtoto pekee wa Zelig, na huyu mchanga alikuwa mtoto wake pekee, aliyepatikana baada ya miaka kumi na mmoja ya madaktari na machozi. Mwingine hakutakuwepo, hilo nalo aliambiwa, akiwa bado kwenye meza ya upasuaji. Jina la Zelig lingechukuliwa na mtoto huyu au lisingechukuliwa na mtu.

"Ataitwa Anshel," Bluma alisema, akirudi jikoni. "Jina la baba yangu. Tohara siku ya nane, jina Anshel, na habari imekwisha."

Zelig alimsubiri apotelee huko. Kisha akamkonyeza binti yake. "Mimi ninataka mambo mawili," alisema kwa sauti ya chini. "Nataka nimpakate siku ya tohara. Mapajani kwangu, juu ya mto, kama baba yangu alivyowapakata binamu zako wote. Na nataka nimwachie jina. Kwa la kwanza inabidi niwe hai. Kwa la pili inabidi nisiwepo. Nimefanya hesabu kila namna, haikubali."

"Baba, acha."

"Nimeacha. Niletee supu."

*

Siku ya tano mtoto aligeuka manjano. Kwanza macho, halafu uso, halafu tumbo. Muuguzi alikuja na mashine ya mwanga wa buluu, wakamlaza juu yake na vitambaa machoni, na kila asubuhi alirudi kumchoma kisigino na kukamua damu, mtoto akipiga kelele hadi midomo inatetemeka. Siku ya kwanza muuguzi huyo, mama mmoja mnene mwenye haraka, alisimama mlangoni na kuuliza, "Mgonjwa wenu wa manjano yuko wapi?"

"Yupi?" Hillel alimjibu. "Tunao wawili."

Ilikuwa kweli. Ini lilikuwa limempaka Zelig rangi hiyo hiyo, tangu weupe wa macho hadi viganja. Bluma aliwalaza jirani ili aweze kuwaangalia wote kwa jicho moja, kitanda kikubwa na kitanda kidogo dirishani, na Zelig alifurahi kama mtu aliyepata mwenzake wa karata. "Mlisema hafanani na mtu," alisema. "Haya, tazameni sasa! Ukoo mzima umo katika rangi."

Ngariba, Rabi Kalish, alikuja siku moja kabla ya tohara, kama desturi. Alikuwa mtu mdogo mwenye ndevu nyekundu na mikono mikavu, na alikuwa ameshawatahiri nusu ya wanaume wa mtaa ule. Aliondoa kofia ya mtoto, akakandamiza pua yake kwa kidole gumba, akakiondoa, akaitazama ngozi. Palipokandamizwa hapakuwa peupe. Palikuwa pa manjano. Akarudia kwenye kifua. Vilevile.

"Hapana," alisema. "Kesho hapana."

"Lini basi, Rabi?" Dvora aliuliza.

"Rangi itakapotoka. Kesho kutwa, wiki ijayo, baadaye. Uhai wa mtoto uko mbele ya kila kitu, binti. Hatumkati mtoto mgonjwa."

"Na baba yangu? Yeye ndiye wa kumpakata."

Rabi Kalish alimtazama Zelig, naye Zelig akamtazama yeye, na Dvora aliona kwamba wanaume hao wawili wameelewana.

"Na mimi nikandamize pua, Rabi," Zelig alisema. "Labda mimi nimeshaiva."

Rabi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Bluma hakutabasamu. "Atasubiri," alisema. "Zelig, umesikia? Utasubiri. Hakuna kwenda popote mpaka umpakate mtoto." Akaketi kando ya kitanda na bakuli, akamjaza kijiko. "Fungua mdomo."

"Nimeshiba."

"Hujala kitu tangu asubuhi. Fungua."

Akafungua. Tangu siku hiyo Bluma hakuliachia lile bakuli. Alimlisha supu kijiko kimoja kimoja, akimfuta kidevu, akimgombeza, akimhesabia majina ya watu waliofanya uzembe wa kuacha kula. Usiku alilala kwenye kiti. Akimsikia anapumua vibaya, alimsukuma bega: "Zelig! Tohara bado!" Na Zelig alirudi, kila mara, kama mtu aliyeitwa kutoka barabarani.

*

Kwao mtu haalikwi kwenye tohara, maana aliyealikwa akikataa atakuwa amefanya dhambi. Huarifiwa tu kwamba ipo, na saa, na mahali, kisha anajua mwenyewe. Hillel alikuwa amewaarifu watu arubaini. Sasa ilibidi awaarifu kwamba haipo. Alikaa jikoni na simu, akirudia maneno yale yale, na watu upande wa pili waliuliza kwa sauti ya chini, "Ni mtoto, au ni mzee?"

"Mtoto. Manjano ya kawaida. Mzee yupo."

"Ah, yupo. Mungu ampe nguvu." Na ndani ya hiyo "yupo" Hillel alisikia hesabu wanayoipiga. Baba yake mwenyewe alikuwa mzima wa afya huko Florida, akicheza karata, hana habari. Jina lake halikuwa kwenye foleni yoyote.

Dvora alikwenda mwenyewe dukani kufuta oda ya samaki. Duka lilijaa, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi na kila mtu anajiandaa kwa Sabato. Alivuta kikaratasi cha namba kwenye mashine ya mlangoni, akasimama nyuma ya watu, akaona amesimama pale pale alipochorwa mtoto mwenye nepi. Akakikunja kikaratasi mkononi.

"Dvora! Mazal tov, hongera, mpenzi!" Alikuwa Bi Pesha Lipkin, jirani wa nyumba ya tatu, mwenye sauti ya kutangazia gari moshi. "Nimesikia imeahirishwa. Maskini wewe. Lakini sikiliza nikwambie, huenda ni kheri."

"Kheri gani, Bi Pesha?"

"Wewe unajua." Bi Pesha alimsogelea, ila sauti haikupungua. "Ukisubiri kidogo, mtoto anaweza kupata jina. Mbinguni wanajua wanalofanya. Kila mtu anasema hivyo."

Watu wote wakaanza kutazama samaki kwa makini sana. Dvora alitaka kusema kitu. Alitaka kumwambia huyu mwanamke kwamba baba yake si koti la kuachiwa mtu. Lakini lililomfunga mdomo si adabu. Ni kwamba wazo hilo alikuwa nalo yeye mwenyewe, alilitoa nyumbani asubuhi hiyo, na sasa amelikuta hapa, limesimama kaunta, linasemwa kwa sauti.

"Namba sitini na mbili!" muuza samaki aliita.

Ilikuwa yake. Alifuta oda, akaombwa radhi kwa kuwa mkate umeshaagizwa na hauwezi kurudishwa, akatoka na mikate ya watu arubaini kwenye mifuko miwili. Hakulia hadi alipofika nje.

*

Jumapili mchana kengele ililia. Hillel alifungua, akakuta kijana wa gari la kupeleka chakula na kapu kubwa lililofunikwa karatasi angavu. Ndani mlikuwa na mikate ya mviringo, dengu, na mayai ya kuchemsha dazeni mbili, na kadi nyeupe yenye maneno ya heshima: Chama cha Akina Mama kinaungana na familia ya Rotkopf katika wakati huu wa majonzi.

Mayai ni chakula cha wafiwa waliorudi kutoka makaburini. Hakuna mtu wa mtaa ule asiyelijua hilo. Akina mama walisikia tohara imefutwa, wakasikia mzee amekuwa mahututi, wakajumlisha wenyewe, wakachemsha.

Hillel alijaribu kulirudisha kapu mlangoni, lakini kijana alikuwa ameshawasha gari. Alisimama nalo ukumbini kama mtu aliyeshika bomu. "Dvora," aliita kwa mnong'ono. "Njoo. Usimwite mama."

Mama alikuwa nyuma yake. Bluma alitazama mayai. Hakutema mate mara hii. Alikaa juu ya ngazi, pale pale, mikono mapajani.

"Nini hicho?" Zelig aliuliza kutoka sebuleni. Sauti ilikuwa imeshuka sana siku hizo, ilibidi unyamaze ndipo uisikie. "Nasikia harufu ya mayai."

"Hakuna kitu, Baba."

"Dvora. Ini ndilo lililokufa, si pua."

Ikabidi wamletee. Alisoma kadi mwanzo hadi mwisho, kwa jicho la fundi. "'Wakati huu wa majonzi,'" alisema. "Miaka yote hii hawajapata maneno mengine. Ningewaandikia bure." Akanyoosha kidole chake cha manjano. "Nimenyeeni moja. Na chumvi."

"Zelig, usile hayo!" Bluma aliruka kutoka kwenye ngazi. "Hayo ni ya msiba!"

"Ni ya msiba wangu. Nani ana haki kuliko mimi?"

Na akala. Alikula nusu ya yai, taratibu, na hicho kilikuwa chakula kigumu cha kwanza kushuka kooni mwake kwa wiki nzima. Hillel aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama anacheka au la. Bluma alimtazama mumewe anavyotafuna. Kisha, kwa kuwa alikuwa anakula, akasogeza kiti, akachukua nusu iliyobaki na kumwekea chumvi.

Jioni ile Hillel alisema lile alilokuwa amelificha. "Wale akina Abitbol wa ghorofa ya juu, waliotoka Moroko, si Wayahudi? Wao humpa mtoto jina la babu aliye hai, na babu anacheza ngoma. Kwa nini tusifanye hivyo mara moja tu?"

"Basi nihamisheni Moroko," Zelig alisema, macho yamefumbwa.

"Hakuna!" Bluma alisimama katikati ya chumba, kijiko mkononi. "Nyumba hii hakuna Zelig mwingine. Zelig ni mmoja, na yuko pale, kitandani, anakunywa supu yake. Atakayemwita mtoto jina hilo atakuwa amemzika mume wangu mbele ya macho yangu. Mmesikia?"

Walisikia. Hapo ndipo Dvora alipoelewa kwamba mama yake hakuwa akimpigania Anshel hata kidogo. Baba yake, huyo Anshel, alikuwa mtu mkali ambaye Bluma hakuwahi kumsemea neno jema.

*

Asubuhi ya Jumanne Dvora alimbeba mtoto hadi dirishani, akamkandamiza pua kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, ngozi ilikuwa nyeupe, kisha ikawa ya waridi. Akajaribu kifuani. Waridi. Macho yalikuwa yamesafika kama maziwa.

Badala ya kushukuru, moyo wake ulishuka. Ulishuka waziwazi, naye akausikia ukishuka. Alisimama na mtoto aliyepona mikononi, akajiona mama mbaya kuliko wote waliowahi kuzaa.

Bluma alikuwa bafuni. Zelig alikuwa macho. Siku hizo macho yalibaki nusu wazi hata akilala, ila sasa alikuwa macho kweli. Dvora aliketi kitandani.

"Amepona, Baba."

"Mazal tov."

"Rabi Kalish atakuja kesho."

"Vizuri. Nitanyoa ndevu."

"Baba." Alishindwa, akaanza tena. "Baba, nilipomwona amepona, nilisikitika. Nilitaka awe manjano kidogo zaidi. Siku chache. Unajua kwa nini."

Mkono wa Zelig ulitambaa juu ya blanketi ukashika kidole gumba cha binti yake, kile kile alichomkandamizia mtoto.

"Unadhani mimi sijataka?" alisema. "Kila jioni najiambia, haya Zelig, leo. Mpishe mtoto. Nafumba macho, niko tayari kabisa, nimeshafika mlangoni. Halafu nasikia kijiko." Akapumua. "Nimwambie mama yako aache? Siwezi. Miaka arubaini na sita sijaweza kumwambia aache lolote."

"Usimwambie."

"Simwambii. Na kumpakata pia ninataka. Mimi ni mtu mwenye tamaa." Akafumba macho. "Ninajitahidi, mwanangu. Mwili hausikii. Haukunisikia nilipotaka uishi, na sasa hausikii nikiutaka uondoke."

Dvora alibaki ameshikwa kidole. Hapakuwa na mtu wa kumwomba kitu. Akimwomba Mungu amwache baba, anaomba jina lipotee. Akiomba jina, anamwomba amchukue baba. Kwa hiyo hakuomba, alikaa tu, mpaka Bluma akarudi na kuuliza kwa nini chumba kinanuka nepi na watu wazima wawili wamekaa.

*

Tohara ilifanyika Jumatano asubuhi pale sebuleni. Watu arubaini waliarifiwa upya, wakaja zaidi, kwa kuwa safari hii kila mtu alitaka kuona. Kiti kitupu cha Nabii Eliya, mgeni asiyeonekana wa kila tohara, kiliwekwa kando ya kitanda, kimefunikwa kitambaa cheupe. Zelig alikalishwa kwa mito mitatu, shali ya sala mabegani, kanyolewa, na shavu lilikuwa na alama mbili za wembe wa Hillel. Alikuwa mwepesi sana. Wanaume waliomwinua walitazamana.

Waliweka mto mapajani pake na mtoto juu ya mto. Mikono ya Zelig haikuweza kushikilia miguu ya mtoto, basi Hillel alipiga magoti na kupitisha mikono yake chini ya mikono ya mkwe wake, ili ionekane kwamba mzee ndiye anayeshika. Watu wote waliona, na wote wakajifanya hawakuona. Rabi Kalish alifanya kazi yake kwa upesi. Mtoto alilia, akadondoshewa divai mdomoni, akalamba, akalia tena.

Dvora alikuwa mlangoni na wanawake. Alimtazama baba yake usoni. Zelig hakuwa akitazama kisu wala watu. Alimtazama mtoto, mdomo umemwachama kidogo, na furaha iliyokuwa usoni pale Dvora hakuwahi kuiona kwake, maana haikuwa na mzaha ndani yake.

Rabi Kalish aliinua kikombe. Akafika mahali pa jina, akamwinamia Hillel ili amnong'oneze. Hillel alisita. Aligeuza kichwa akamtafuta mke wake mlangoni. Watu arubaini nao wakageuza vichwa. Dvora alisikia pumzi ya Bi Pesha shingoni. Upande wa pili, Bluma alikuwa ameushika ukingo wa kitanda, na alikuwa akimtazama binti yake kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Dvora aliitikia kwa kichwa: sema.

"Anshel," Hillel alisema.

"Na jina lake katika Israeli liwe Anshel, mwana wa Hillel!" Rabi alitangaza, watu wakapiga kelele, mazal tov, mazal tov, mtu akaanza kuimba, mikate ikakatwa. Dvora alipenya akafika kitandani kumchukua mwanawe. Zelig alikuwa akimvuta kwa kidole. Dvora aliinama hadi sikio lake likagusa mdomo wa Zelig.

"Samahani," baba yake alisema. "Nimechelewa."

*

Alifariki Ijumaa alfajiri, siku mbili baada ya tohara, katika nusu saa ambayo Bluma alikuwa amesinzia kwenye kiti. Wakamzika siku hiyo hiyo, haraka, kabla ya Sabato kuingia, ardhi ikiwa ngumu kwa baridi hata makoleo yakawa yanalia.

Jumapili nyumba ilijaa tena. Vioo vilifunikwa mashuka. Dvora na Bluma waliketi kwenye viti vifupi vya waliofiwa, nguo zao zimechanwa kwenye kola, kama desturi, na Chama cha Akina Mama kilikuwa kimeleta mayai, safari hii kwa wakati wake. Rabi Kalish alikuja. Hillel alimvuta pembeni, akamuuliza kama jina linaweza kubadilishwa.

"Jina limeshatolewa," Rabi alisema. Alisema kwa huruma, lakini alisema. "Kwa mtoto anayekuja, Mungu akipenda." Kisha akakumbuka kwamba hakuna anayekuja, akamshika Hillel bega na kutazama viatu vyake.

Mtoto alianza kulia dirishani. Kitanda kikubwa kilikuwa kimeshaondolewa, na kidogo kilibaki peke yake. Kabla Dvora hajainuka, Bluma alikuwa ameshafika. Alimwinua, akamweka begani, akampigapiga mgongo.

"Nyamaza, Zelig," alisema. "Nyamaza, baba. Nyamaza, Zelig wangu."

Yai lilikuwa limefika mdomoni mwa Bi Pesha, akalishusha.

"Anshel, Bi Bluma," alisema, na kwa mara moja maishani alijaribu kusema polepole. "Anaitwa Anshel."

"Najua anaitwaje. Jina nilimpa mimi." Bluma aligeukia kabati. Kwa mkono mmoja alisogeza kinara cha Sabato, akaitoa ile kadi ukutani, akaifungua. Aliisoma yote, midomo ikicheza, ingawa maneno yenyewe yalikuwa machache. Hakucheka. Alimtazama Dvora.

"'Anajitahidi,'" alisema. "Kweli alikuwa anajitahidi?"

Dvora alisema kweli. "Ndiyo, Mama."

"Na mimi nikamshika." Bluma alitikisa kichwa taratibu. "Kijiko kwa kijiko. Siku mbili, Dvora. Ningelala siku mbili mapema, tu."

"Mama, alimpakata. Ulimpa hilo."

"Nilimpa hilo," Bluma alisema, ila alisema kama mtu anayerudia maneno ya kadi ya dukani. Akaiweka kadi juu ya kabati, uso mbele, mahali pa wazi, kati ya kadi nyingine za hongera zilizotumwa na watu, nyingi zikiwa ni ile ya daktari. Mzee alikuwa bado anaonja samaki. Mtoto wa nepi alikuwa bado ameshika namba yake.

Kilio kilikuwa kimepanda. Dvora alimpokea mwanawe, akakaa naye kwenye kiti kifupi, akafungua vifungo. "Anshel," alimwita, ili azoee. "Anshel." Mtoto hakugeuka. Jina lolote kwake lilikuwa kelele tu, na yeye alitaka maziwa.